Kaole na Hesabu ya Kungojea Upepo

Kati ya magofu ya Kaole, yapata kilomita 5 kusini mwa mji wa Bagamoyo, yamo makaburi ya nguzo ambayo hapo kale yalipambwa kwa bakuli za kauri kutoka China. Mgeni afikaye mahali hapo huonyeshwa matundu zilimokuwa bakuli hizo, naye hustaajabia umbali zilikotoka. Lakini umbali ni nusu tu ya ajabu yenyewe. Kwa kawaida bakuli ya namna hiyo haikusafiri kwa chombo kimoja. Ilishushwa katika bandari ya Malaka au ya India, ikakaa ghalani, ikapakiwa tena katika chombo kingine, na kila mara ilipobadilisha chombo ilikuwa inangojea upepo mwingine.

Jambo hili halikuachwa kwa bahati. Wakati wa baridi bara la Asia hupoa upesi kuliko bahari, hewa yake ikawa nzito, na mgandamizo wake ukazidi ule wa hewa ya baharini. Hewa hiyo husukumwa kuelekea kusini, na kwa sababu ya mzunguko wa dunia njia yake hupinda, hata ikafika pwani ya Afrika Mashariki ikivuma kutoka kaskazini-mashariki. Huo ndio upepo wa kaskazi, unaotawala tangu Desemba hadi Machi. Wakati wa joto mambo hugeuka: bara la Asia hupata joto kali, hewa yake hupanda, na upepo wa kusi huvuma tangu Aprili kuelekea huko. Katikati ya misimu hiyo miwili pana majuma ya maleleji, ambapo upepo hauna tabia, wala nahodha hawezi kuutegemea.

Mwanafunzi anaweza kuikokotoa safari hii mwenyewe. Toka Maskati hata Kaole ni yapata kilomita 4,000. Ikiwa jahazi laenda maili 3 za baharini kwa saa, yaani yapata kilomita 5.5, litamaliza kilomita 130 hivi kwa siku moja, na safari nzima itachukua mwezi mmoja. Lakini jahazi halikuwa likisafiri moja kwa moja. Lilitia nanga Mogadishu, Lamu, Malindi na Mombasa, likiuza na kununua. Chombo kilichoondoka katikati ya Desemba hakikuwa cha kutarajiwa Kaole kabla ya mwisho wa Januari au Februari. Tena pwani hii ina tope na mikoko, nayo maji hupanda na kushuka mita 3 na zaidi wakati wa bamvua. Chombo kizito chenye shehena kilibidi kuyafuata maji, si kuyaamuru.

Baada ya hapo saa ilikuwa inakimbia. Palikuwa na tende na nguo za kuuza, pembe za ndovu na boriti za mikoko za kununua, na jahazi lenyewe lilihitaji kupandishwa pwani, kutiwa kalafati na kupakwa sifa. Kazi hizo zilitakiwa kuisha mapema, maana kusi ya Aprili na mwanzo wa Mei ndiyo iliyomfaa msafiri. Kusi ya Juni na Julai huwa kali mno, na bandari za India ya magharibi zilifungwa katika miezi hiyo. Aliyechelewa alingoja mpaka Agosti au Septemba, kusi ilipopungua nguvu. Siku chache za uzembe mwezi wa Aprili zilimgharimu mtu miezi minne ya kula akiba yake ugenini.

Ndiyo sababu pia vyombo vya mbali havikufika Sofala kwa urahisi. Kutoka Kaole kwenda huko ni zaidi ya kilomita 1,600, na kaskazi hupungua nguvu kadiri mtu anavyozidi kwenda kusini ya Kilwa. Kwenda na kurudi katika msimu mmoja kulikuwa kamari. Wenyeji wa pwani waliutatua ugumu huo kwa akili: vyombo vyao vilikusanya dhahabu na pembe kabla, zikawekwa Kilwa zikimngojea mnunuzi.

Kalenda ya Kiislamu haikuweza kutumika kwa hesabu hii, kwani mwaka wake una siku 354 au 355, nao huteleza siku 11 hivi kila mwaka wa jua. Kwa hiyo mabaharia na wakulima wa pwani walitumia mwaka wa Nairuzi wenye siku 365, uliogawanywa katika miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku 5 za nyongeza. Hata mwaka huo una kasoro yake: hauna siku ya ziada kila baada ya miaka minne, hivyo katika miaka 100 huachana na jua kwa siku 24 hivi. Walimu wa hisabati wangefanya vema kuwapa wanafunzi mfano huu badala ya ile mifano ya matangi yanayovuja.

Gharama ya kuidharau hesabu hii imeandikwa katika safari ya Vasco da Gama. Tarehe 24 Aprili 1498 aliondoka Malindi pamoja na rubani mzoefu, kusi ikiwa imeanza, naye akatia nanga karibu na Calicut tarehe 20 Mei. Zilikuwa siku 26 tu. Wakati wa kurudi, baada ya kutofautiana na mfalme wa huko, hakungoja. Aliiacha pwani ya India tarehe 5 Oktoba, kaskazi haijaanza, akakumbana na upepo wa mbele na shwari ndefu. Aliiona pwani ya Afrika tarehe 2 Januari 1499, baada ya siku 89. Watu wapatao 30 walikufa njiani kwa kiseyeye, na waliobaki hawakutosha kuendesha merikebu tatu. Mmoja wa hizo, São Rafael, ilichomwa moto mwezi huohuo kwenye mafungu yaliyo mbele ya Mtangata, upande wa Tanga.

Leo abiria wa Dar es Salaam hubadilisha ndege Addis Ababa, Nairobi au Doha, na kila kiwanja kimeweka muda wa chini kabisa unaokubalika kati ya ndege moja na nyingine. Muda huo umekadiriwa kwa siku njema: hauhesabu mvua kubwa, foleni ya uhamiaji, wala sanduku lililosahauliwa chini. Mwenye tiketi moja ya safari nzima, akichelewa, kwa kawaida hutafutiwa ndege nyingine na shirika lililomwuzia. Aliyenunua tiketi mbili mbalimbali ili kupunguza gharama hujitafutia mwenyewe, na mara nyingi hununua upya, hasa ikiwa ndege ya kule aendako huruka mara mbili au tatu tu kwa juma. Huyo yafaa ajipe siku nzima.

Kaole penyewe pwani imesogea. Tope limejaa, mikoko imeota palipokuwa na maji, na magofu ya misikiti sasa yametengwa na bahari ambayo majahazi yaliingilia.