Kununua Gari Lililotumika: Kinga Dhidi ya Wauzaji Wasio Waaminifu (Sehemu ya Pili: Kabla ya Kulipa)

Magari mengi yanayouzwa katika yadi za Dar es Salaam yametoka Japani yakiwa yameshatumika. Hadi kumfikia mnunuzi, gari huwa limepita mikononi mwa watu kadhaa, na yeyote kati yao anaweza kuwa ameficha jambo. Kinga ya kweli ni uhakiki unaofanywa kabla ya fedha kutoka: nyaraka kwanza, gari lenyewe pili, malipo mwisho.

Nyaraka kuu ni kadi ya gari inayotolewa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Jina lililomo lilinganishwe na kitambulisho cha anayeuza. Asiye mmiliki aonyeshe idhini ya maandishi, na mmiliki mwenyewe atafutwe. Dalali akitoa nakala tu huku akidai kadi halisi ipo mahali, huenda gari limewekwa dhamana ya mkopo, na deni lisipolipwa mkopeshaji atalifuata lilipo. Kwa namba ya usajili, mnunuzi aulizie pia faini za trafiki na madeni ya maegesho.

Baada ya kadi, itazamwe namba ya chesisi. Katika Toyota nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Japani, namba hiyo huanza na herufi za modeli, kwa mfano NZE121, na mara nyingi imegongwa kwenye ukuta wa chuma ulio nyuma ya injini. Herufi zote ziwe na kina kimoja na mstari ulionyooka. Alama za msasa, kulehemu au rangi mpya mahali hapo peke yake zatosha kuvunja biashara, kwani gari la wizi, kwa kawaida, hurudi kwa mwenyewe hata kama aliyelinunua hakujua.

Udanganyifu mwingine uliozoeleka ni kurudisha kilomita nyuma. Dashibodi ya gari lililotembea kilomita 180,000 inaweza kufanywa isome 70,000, lakini ushahidi hubaki kwingine. Karatasi ya mnada wa Japani huonyesha kilomita pamoja na daraja: 4 kwenda juu ni gari zuri, ilhali R ni lile lililotengenezwa baada ya ajali. Mpira wa pedali ya breki uliolika, usukani uliosuguliwa ukang'aa na kiti cha dereva kilichobonyea havilingani na kilomita chache. Lebo iliyoshonwa kwenye mkanda wa kiti mara nyingi ina tarehe ya kutengenezwa. Ikiwa mkanda ni mpya kuliko gari, mnunuzi aulize kwa nini ulibadilishwa.

Bodi ikaguliwe mchana, ikiwa kavu. Sumaku ndogo iliyofungwa kwa kitambaa hushika vizuri bati la chuma, lakini hulegea palipojazwa puti nene. Injini iwashwe ikiwa ya baridi, maana iliyopashwa mapema huficha ugumu wa kuwaka. Moshi wa bluu ni dalili kwamba oili inaungua. Fundi wa kukagua achaguliwe na mnunuzi, asiletwe na yadi wala dalali.

Arabuni isitolewe bila risiti inayotaja namba ya chesisi na sharti la kurudishiwa fedha. Malipo yapitie benki, kwa akaunti yenye jina la mmiliki, mkataba wa mauziano usainiwe mbele ya wakili, na umiliki uhamishwe TRA bila kuchelewa. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, humtaka muuzaji awe na haki ya kuuza anachokiuza. Hata hivyo, mnunuzi aliyelikagua gari hana nguvu ya kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuifichua. Ndiyo sababu ukaguzi haufai kuwa wa juu juu.