Wanawake Waliolisha Boma

Ukitoka Kijenge kwa miguu kwenda mjini, ukavuka mto Themi na kupita mnara wa saa, Barabara ya Boma itakufikisha kwenye ngome ambayo Wajerumani waliijengesha mwaka 1900. Leo ni Makumbusho ya Elimu Viumbe. Tunapoisimulia ngome ile tunamtaja Kapteni Kurt Johannes aliyeongoza vita vya kuiteka nchi ya Meru, tunawataja Waarusha na Wameru waliolazimishwa kuijenga, tunataja bunduki na kitanzi. Lipo jambo la kawaida kabisa ambalo ni nadra kulisikia. Humo ndani na pembeni yake walikaa mamia ya watu waliohitaji kula kila siku, na jeshi lile halikuwa na jiko la askari wake.

Maofisa wa Kijerumani walikuwa na wapishi wao. Askari Mwafrika alipewa mshahara wa rupia pamoja na posho, ama ya nafaka ama ya fedha ya kununulia chakula. Yaliyobaki yalikuwa juu ya nyumba yake. Nafaka ilibidi itwangwe, ipepetwe, isagwe juu ya jiwe. Maji yachotwe, kuni zitafutwe, moto ukokwe kabla ya gwaride la asubuhi. Aliyewahi kusaga kwa mkono anajua jinsi saa zinavyokwisha kwa unga wa watu watatu tu. Kombania moja ilikuwa na askari wapatao 160 hadi 200, na mwaka 1914 Arusha ilikuwa makao ya Kombania ya Kwanza kati ya 14 zilizolinda koloni zima la Afrika Mashariki ya Kijerumani. Jeshi lote lilikuwa na askari Waafrika wapatao 2,500 na Wajerumani wasiofika 300. Kwa maneno mengine, Ujerumani iliitawala nchi kubwa kuliko yenyewe kwa kutegemea askari ambao chakula chao kilipikwa na wake zao bila ujira.

Huo ndio msimamo wangu katika makala hii, na sioni sababu ya kuulainisha. Wake wa askari walikuwa idara ya ugavi ya jeshi hilo. Hawakuwa na cheo wala mshahara, na hesabu za kombania hazikuwatambua.

Walitoka wapi? Wa kwanza walikuja kwa meli. Mwaka 1889 Hermann von Wissmann alitumwa kuvunja upinzani wa Abushiri pwani, na kwa kuwa hakupewa askari wa kutosha kutoka Ulaya, alikwenda Cairo kuajiri Wasudani waliokuwa wamepoteza kazi katika jeshi la Misri baada ya Mahdi kuiteka Sudan. Wanaume hao hawakukubali kusafiri peke yao. Walipanda meli na wake zao na watoto wao, na Wissmann ilibidi akubali, maana bila familia asingewapata. Wengine aliwatoa Inhambane, Msumbiji. Mwaka 1891 kikosi hicho cha kukodi kikafanywa jeshi rasmi la koloni, Schutztruppe, na vyeo vya Kituruki na Kimisri vikabaki humo: ombasha, shaushi, efendi. Desturi ya askari kuishi na nyumba yake ikabaki pia. Miaka ilivyokwenda, Wanyamwezi, Wasukuma na Wamanyema waliandikishwa kwa wingi, nao wakaoa kule walikopelekwa.

Hapa panahitaji ukweli mchungu. Si kila mke alikuwa ameolewa kwa mahari na ridhaa ya wazazi wake. Katika vita vya Meru, baada ya wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, kuuawa Akeri Oktoba 1896, majeshi ya Johannes na wapiganaji wa Kichaga waliofuatana naye walichukua ng'ombe na wanawake. Katika vita vya Uhehe na baadaye katika Maji Maji, wanawake waliotekwa waligawiwa askari kama sehemu ya ujira wa vita. Mwanamke aliyechomewa nyumba leo, kesho yake aliweza kujikuta anampikia aliyeichoma. Baadhi walitoroka. Wengine walizaa, wakakaa, wakawa wenye nyumba, na baada ya miaka kumi hakuna aliyewauliza tena walitoka wapi. Anayetaka kuwatetea wanawake hawa wote kama mashujaa, au kuwahurumia wote kama mateka, hatawaelewa. Katika kibanda kimoja aliweza kukaa mke aliyetoka Khartoum na mumewe, na cha jirani mke aliyetekwa akiwa binti, na wote wawili wakachota maji mto uleule.

Maisha yao ya kila siku tunayajua kwa vipande. Palipojengwa boma, palizuka kijiji cha askari pembeni yake: vibanda, viwanja vya ngoma, watoto wengi, na vijana waliobeba bunduki na mizigo ya askari wakitarajia kuandikishwa siku moja. Kiswahili ndicho kilichowaunganisha, kwa sababu mume aliweza kuwa Msukuma, mke Mhehe na jirani Msudani. Uislamu ulienea humo haraka. Magomvi ya ndoa, madai ya talaka na ugomvi wa mali vilipelekwa kwenye shauri, baraza alilosikiliza mkuu wa kituo. Ni ajabu kufikiri kwamba luteni aliyetoka Bavaria au Saxony, asiyejua lolote kuhusu ndoa za watu hawa, alikaa kuamua nani amrudishe mke na nani alipe rupia ngapi. Alifanya hivyo kwa sababu rahisi: nyumba ya askari ikivurugika, askari naye anavurugika, na kesho anaweza kutoroka na bunduki.

Mjerumani mmoja mwanamke aliyaona maisha hayo kwa karibu. Magdalene von Prince alikuwa mwenyewe mke wa ofisa, Tom von Prince, ambaye wenyeji walimwita Bwana Sakarani, na aliishi naye Iringa wakati wa vita dhidi ya Mkwawa. Mwaka 1903 alichapisha kitabu kuhusu miaka hiyo. Ni kitabu cha mkoloni, kisomwe kwa tahadhari. Hata hivyo ndani yake kuna ngoma za kituoni, kuna wake wa askari wakienda na kurudi, jambo ambalo taarifa za maofisa wanaume huliruka. Tofauti ya mke wa ofisa na mke wa askari katika jeshi moja ni kubwa: mmoja aliandika na kitabu chake kikachapishwa Berlin, mwingine yupo humo bila jina.

Wake wa boma pia walikuwa na uwezo wao, na majirani waliuhisi. Mume alilipwa vizuri kuliko kibarua wa shambani, kwa hiyo mkewe alivaa nguo za dukani na kununua kwa Mhindi, wakati Waarusha na Wameru wa vijijini walikuwa wanasakwa kwa kodi ya kibanda. Askari alipotumwa kijijini kudai kodi, kuku na mbuzi waliorudi naye waliliwa nyumbani kwake. Kwa hiyo chuki ya boma haikuishia kwa aliyevaa sare.

Halafu vikaja Vita vya Kwanza vya Dunia. Machi 1916 majeshi ya Jenerali Jan Smuts yalipita kando ya Kilimanjaro, Moshi ikaanguka, na baada ya siku chache Waingereza wakaingia Arusha. Kutoka hapo Van Deventer, mmoja wa makamanda wa Smuts, aliendelea hadi Lolkisale na Kondoa Irangi. Kwa wake wa askari swali lilikuwa moja: kubaki au kufuata? Kubaki maana yake ni kubaki miongoni mwa watu uliowatawala jana, bila mume, mbele ya jeshi geni. Kufuata maana yake ni kutembea. Wengi walifuata.

Walitembea zaidi ya miaka miwili. Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alirudi kusini hatua kwa hatua, akavuka Ruvuma Novemba 1917 na kuingia Msumbiji, akarudi tena, na kusalimisha silaha Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Katika kumbukumbu zake anakiri kwamba wanawake na watoto walikuwa sehemu ya msafara, kwamba watoto walizaliwa njiani, na kwamba ilibidi kuwaweka chini ya askari mzee wa kuaminika ili mwendo wao usivurugike. Aliwaona kama mzigo. Mimi nausoma ushahidi wake mwenyewe kinyume chake. Jeshi lililokatiwa meli, reli na maghala liliweza kuishi kwa sababu kila jioni palikuwa na mtu wa kutafuta mihogo shambani, kuimenya, kuiloweka isiue watu kwa sumu, na kuipika gizani. Kazi hiyo hujifunzi kwenye gwaride. Na chakula hicho mara nyingi kilinyang'anywa wakulima waliobaki na njaa nyuma ya msafara, jambo ambalo nalo ni sehemu ya hesabu ya vita vile.

Waliosalimu amri walikuwa Wajerumani 155 na askari 1,168, pamoja na wapagazi. Askari walipelekwa kambini Tabora, na huko homa ya mafua iliyoizunguka dunia mwaka ule ikaua wengi waliopona risasi.

Ukitaka kuona jinsi hatima ya nyumba za askari ilivyotofautiana kwa kutegemea bendera, tazama Kibera, Nairobi. Wasudani waliotumikia jeshi la Waingereza, King's African Rifles, walipewa eneo hilo la kukaa na familia zao mwanzoni mwa karne iliyopita. Wajukuu wao, Wanubi wa Kenya, walipigania ardhi hiyo vizazi kadhaa, na mwaka 2017 serikali ya Kenya iliwapa hati ya pamoja ya ekari 288. Mabibi wa Kibera walikaa mahali pamoja, kwa hiyo walikumbukwa. Wa upande wa Wajerumani walitawanyika Tabora, Dar es Salaam, Mwanza na kwingine, wakamezwa na miji.

Mmoja wa watoto wa nyumba hizo alifika Ujerumani kwenyewe. Bayume Mohamed Husen alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, baba yake akiwa askari Msudani, na aliingia jeshini pamoja na baba huyo akiwa na umri wa miaka kumi hivi. Mwaka 1929 alikwenda Berlin kudai mishahara ya wote wawili ambayo haikulipwa. Wizara ya Mambo ya Nje ilimjibu kwamba muda wa madai umepita. Akabaki huko, akafanya kazi ya kuhudumia wateja mgahawani, akafundisha Kiswahili chuo kikuu, akaigiza katika filamu. Januari 1933, mwezi uleule Hitler aliposhika madaraka, alimwoa Maria Schwandner. Kuwa mke wa askari wa zamani kutoka Afrika katika Berlin ya Wanazi kulikuwa na bei yake. Mume alipoteza kazi mgahawani kwa sababu ya rangi, ndoa yenyewe ilitazamwa kama aibu ya taifa, na mwaka 1941 alikamatwa kwa kosa la uhusiano na mwanamke mwingine mweupe. Alikufa katika kambi ya Sachsenhausen tarehe 24 Novemba 1944. Leo kuna jiwe la ukumbusho lenye jina lake barabarani Berlin.

Malipo kwa wengine yalikuja baadaye sana. Mwaka 1964 bunge la Ujerumani Magharibi liliamua kuwalipa askari wa Lettow-Vorbeck waliokuwa hai. Inasimuliwa kwamba wazee wapatao 350 walikusanyika Mwanza, wachache wakiwa na vyeti. Wengine hawakuwa na chochote, na afisa wa benki akawapa ufagio mmoja mmoja, akawaamuru kwa Kijerumani waushike kama bunduki. Wote walizijua amri. Hadithi hiyo hupendwa sana kwa sababu ya uaminifu wa wazee wale. Mimi humwazia mjane aliyesaga nafaka ya kombania kutoka Arusha hadi Abercorn. Amri zile hakufundishwa, na kwa mtihani wa namna ile hakuwa na lolote la kuonyesha.

Kumbukumbu za kijeshi hazitatusaidia sana, maana nyingi ziliteketea Potsdam kwa mabomu Aprili 1945. Majalada ya utawala yapo. Sehemu yake kubwa imehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, na mwaka 1997 UNESCO iliyaingiza katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia. Magomvi, talaka, mirathi na malalamiko ya watu wa mabomani ndiyo karatasi za kutafuta humo, kwa sababu mwanamke huandikwa jina lake pale anapodai kitu au anapodaiwa. Kama ukoo wenu hapa Kijenge, Ngarenaro au Kaloleni una bibi anayesemekana alizaliwa bomani, muulizeni aliye mkubwa kuliko wote nyumbani mambo matatu: jina lake kamili, kabila la mama yake, na jina la askari aliyekuwa baba au mume. Mwandike na kituo alichotoka kabla ya Arusha, kama anakijua, kwa sababu jina la kituo litamsaidia mtafutaji kujua pa kuanzia.