Kwa nini gari la kuchezea la mwaka 1984 bado linakimbia

Katika uwanja wa Jeu de Balle, mtaa wa Marolles mjini Brussels, soko la vitu vikuukuu limekuwepo tangu mwaka 1873. Siku hizi hufanyika kila siku. Bidhaa hutandazwa chini, juu ya mawe ya uwanja: vyombo vya jikoni vya watu waliokwisha kufariki, saa zilizosimama, vitabu vyenye ukungu, picha za harusi ambazo hakuna tena awezaye kuwataja waliomo.

Mara moja moja, katikati ya vitu hivyo, huonekana sanduku la kadibodi lenye picha ya gari dogo likiruka juu ya mchanga. Mtu mzima wa miaka hamsini na kitu huinama, hulifungua, kisha hukaa kimya. Amelifahamu. Alikuwa nalo, au, kama ilivyo kwa wengi wetu, alilitamani na hakulipata.

Magari hayo madogo, yanayoongozwa kwa mawimbi ya redio, yalivuma duniani kati ya mwaka 1979 na mwanzoni mwa miaka ya 1990. Leo kuna watu barani Ulaya, Marekani na Japani wanaoyakarabati na kuyashindanisha tena kwenye vumbi na majani. Swali ambalo mgeni hujiuliza ni jepesi: inawezekanaje kitu cha plastiki, kilichotengenezwa kwa ajili ya mtoto, kiendelee kukimbia baada ya miaka 40, wakati simu iliyonunuliwa juzi imekwisha kuharibika?

Msimulie habari hizi Mkenya au Mkongo aliyekaa katika mkahawa wa Matonge, mtaa wa Waafrika hapa Brussels, naye atakurudishia swali bora zaidi: vipuri vinapatikana wapi? Anayejua Grogan ya Nairobi au Gerezani ya Dar es Salaam hahitaji kuelezwa kwamba uhai wa gari hautegemei siku lilipotoka kiwandani. Hutegemea kama kuna mtu, mahali fulani, bado anauza kile kijidude kilichovunjika.

Kiwanda cha mbao kilichoungua

Kwa magari haya, mtu huyo mara nyingi ni familia.

Kampuni ya Tamiya ya mji wa Shizuoka, Japani, ilianzishwa na Yoshio Tamiya mwaka 1946 kama biashara ya kupasua na kuuza mbao. Mwaka 1951 moto uliteketeza ghala lake. Kampuni ikageukia zaidi vifaa vidogo vya kuunganisha, kwanza vya mbao, baadaye vya plastiki, na mwanawe Shunsaku ndiye aliyekuja kuifanya ijulikane duniani kote.

Shunsaku Tamiya alikuwa mtu wa kutaka kila kitu kifanane na asili yake. Alipotaka kutengeneza mfano mdogo wa gari la Porsche, alinunua Porsche 911 halisi na kuifungua kipande kwa kipande ili apime na kuona. Kuifunga upya ilibidi waitwe mafundi wa Porsche wenyewe. Kazi hiyo ilizaa Porsche 934 ya mwaka 1976, gari la kwanza la Tamiya kuongozwa kwa redio. Inasimuliwa kwamba mota na redio viliongezwa ili kurudisha gharama za kutengeneza kalibu.

Gari hilo lilikuwa la lami. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1979, ikatoa Rough Rider na Sand Scorcher, na hapo mambo yakabadilika. Magari haya yalikuwa na springi, shokapu zenye mafuta ndani, na sanduku lililofungwa ili maji na mchanga visiingie kwenye vyombo vya redio. Sand Scorcher ilivaa bodi ya Volkswagen kobe, ile ile ambayo wasomaji wetu wenye umri waliiona ikipita katika barabara za vumbi za Afrika Mashariki. Mtoto hakuhitaji tena uwanja laini wa kuegeshea magari. Ufuo wa bahari ulitosha, hata rundo la mchanga wa mjenzi.

Baada ya hapo yalifuatana: Frog mwaka 1983, kisha Grasshopper na Hornet mwaka 1984. Grasshopper, yaani panzi, ilikuwa ya bei nafuu, yenye mota ndogo na mhimili wa nyuma uliotikisika kama mkokoteni. Kwa mashindano haikuwa lolote. Lakini ndiyo iliyofika katika nyumba za kawaida, na ndiyo wengi wanayoikumbuka.

Baba, mwana na duka

Huko California, mchezo ulichukua sura ya ushindani mkali. Familia ya Losi iliendesha duka na uwanja wa mbio uliojulikana kwa jina la Ranch Pit Shop. Mwaka 1985, mashindano ya kwanza ya dunia ya magari ya umeme ya nje ya lami, ya kipimo cha moja kwa kumi, yalipofanyika Del Mar katika jimbo hilo hilo, kijana wa duka hilo, Gil Losi mdogo, alishinda upande wa magari yanayosukumwa kwa magurudumu manne. Gari lake lilikuwa la Yokomo, kampuni ya Kijapani. Upande wa magurudumu mawili alishinda Jay Halsey akitumia RC10 ya Team Associated, gari lenye sakafu ya alumini ya rangi ya dhahabu, lililotoka mwaka 1984. Kufikia mwaka 1988 familia ya Losi ilikuwa na gari lake yenyewe, JRX2.

Huko huko California, familia ya Moore ilikuwa ikiendesha karakana iliyoanzishwa mwaka 1978 na inayojulikana kwa herufi MIP. Hiyo ilijipatia jina kwa vipuri vya kuimarisha magari ya wengine, hasa mihimili ya kupeleka nguvu kwenye magurudumu. Biashara za namna hii hazionekani kwenye picha za masanduku, lakini bila hizo magari mengi yangekwisha kutupwa.

Barani Ulaya, mfano bora uko Northampton, Uingereza. Cecil Schumacher alikuwa mhandisi katika kampuni ya Cosworth, watengenezaji wa injini za magari ya mashindano, kabla ya kuanzisha biashara yake mwaka 1980. Mchango wake mkubwa ni difu ya gololi.

Inafaa kueleza hapa. Gari linapokata kona, gurudumu la nje husafiri mwendo mrefu kuliko la ndani, na difu ndiyo inayoruhusu tofauti hiyo. Katika magari makubwa kazi hiyo hufanywa na meno ya gia. Schumacher alipanga duara la gololi ndogo za chuma ndani ya gia moja, akazibana kwa sahani mbili na skrubu. Ukikaza skrubu, difu inakuwa nzito. Ukilegeza, inakuwa nyepesi. Dereva anaweza kuirekebisha kulingana na hali ya uwanja, na gari likipata mshtuko, sahani huteleza kidogo badala ya meno kukatika. Wazo hili lilienea hata kwa washindani wake. Mwaka 1987, mashindano ya dunia yalipofanyika Romsey, Uingereza, kijana wa Kijapani Masami Hirosaka alitwaa ubingwa wa magurudumu manne kwa gari la Schumacher liitwalo CAT. Hirosaka alikuja kuwa bingwa wa dunia mara 14.

Kalibu ghalani

Sasa turudi kwenye vipuri.

Kipande cha plastiki hutengenezwa kwa kumimina plastiki iliyoyeyushwa ndani ya kalibu ya chuma. Kalibu ni ghali mno. Kipande chenyewe, kalibu ikishalipiwa, hugharimu kidogo sana. Kwa hiyo siku gari linapoacha kuuzwa, kampuni hubaki na tani za chuma zisizoingiza kitu. Mhasibu makini atasema ziuzwe kama chuma chakavu. Mzee aliyezichora mwenyewe, na ambaye hana mwenye hisa wa kumjibu kila baada ya miezi mitatu, huenda akasema ziachwe.

Kuanzia katikati ya miaka ya 2000, uamuzi huo wa kuacha ulianza kulipa. Tamiya iliitoa tena Hornet mwaka 2004, Grasshopper na Frog mwaka 2005, na Sand Scorcher mwaka 2010. Waliokuwa watoto walikuwa wamekwisha kuwa watu wenye mishahara. Kyosho, kampuni nyingine ya Kijapani, ilirudisha Scorpion yake ya mwaka 1982 mnamo mwaka 2014, baada ya kuchora upya baadhi ya sehemu. Schumacher nayo imetoa tena baadhi ya magari yake ya enzi hizo.

Kuna wakusanyaji waliochukia. Sanduku la zamani ambalo halijafunguliwa lilishuka thamani mara tu jipya lilipoonekana dukani. Kwa maoni yangu, malalamiko hayo hayana uzito. Gari lililofungiwa kabatini ni mapambo. Vipande vipya, ambavyo mara nyingi huingia kwenye gari la zamani bila matatizo, ndivyo vilivyowapa watu ujasiri wa kuyarudisha magari yao uwanjani, kwa kuwa sasa kuvunja mkono wa gurudumu hakumaanishi tena msiba.

Haki inadai pia kusema kwamba familia si dawa ya kila kitu. Team Associated ilinunuliwa na kampuni ya Thunder Tiger ya Taiwan mwaka 2005, na bado mwaka 2013 ikaitoa upya RC10 ya kale. Jina la Losi nalo liliuzwa kwa kampuni kubwa ya Kimarekani, na magari yenye jina hilo yanaendelea kutengenezwa. Na familia zina udhaifu wake: watu hufa. Mkwe wa Shunsaku Tamiya, aliyekuwa ameshika urais wa kampuni, alifariki mwaka 2017. Mzee mwenyewe alifariki Julai 2025, akiwa na umri wa miaka 90. Kalibu ziko Shizuoka, lakini kujua ipi imechoka na ipi ingali nzima ni elimu iliyo vichwani mwa watu.

Dakika tano

Mbio zenyewe ni fupi. Kwa kawaida ni dakika tano, muda uliotokana na uwezo wa betri za zamani za volti 7.2. Madereva husimama bega kwa bega juu ya jukwaa, kila mmoja na rimoti yake, macho yamekodolewa kwenye vumbi. Katika vilabu vingi, aliyemaliza mbio zake hashuki kwenda kunywa kahawa. Husimama kwenye kona na kuyainua magari ya wengine yanapopinduka. Tajiri na fundi wa bomba hufanya zamu ile ile.

Vilabu huweka mwaka wa mwisho unaokubalika na kuyagawa magari kwa rika. Redio za kisasa kwa kawaida huruhusiwa, na si kwa uvivu. Zamani, katika nchi kama Ubelgiji, rimoti zilitumia masafa ya megahezi 27 au 40, na kila gari lilikuwa na jozi ya kristali iliyoamua njia yake. Watu wawili wakiwasha rimoti za njia moja, gari la mmoja lilitii amri za mwingine, mara nyingi kwa kwenda moja kwa moja ukutani. Mfumo wa gigahezi 2.4 ulimaliza ugomvi huo.

Adui mpya ni uwanja. Nyingi za njia za mbio barani Ulaya sasa zimetandikwa zulia au majani bandia, ambayo hushika tairi kwa nguvu. Magari ya leo yameundwa kwa hali hiyo, mafupi na yaliyolala chini. Ya zamani yalitarajia udongo unaoteleza. Kwenye zulia hupinduka au huvunjika, na wenyewe hulazimika kutafuta viwanja vya udongo, ambavyo si vingi.

Msomaji aliyekulia kwetu atakumbuka gari lingine, la waya, lenye tairi zilizokatwa kwenye kandambili na usukani wa fimbo ndefu uliofika kiunoni. Nalo liliongozwa kutoka mbali. Halikuhitaji kalibu, na kipuri chake kilikuwa waya wowote uliookotwa. Mwandishi wa makala haya, aliyeondoka kwao na mkoba mmoja, hawezi kuwacheka wanaume wanaopiga magoti Jeu de Balle.

Kwa atakayepiga magoti naye, mambo machache ya kuangalia kabla ya kutoa pesa. Tazama plastiki inayozunguka skrubu, kwani nyufa huanzia hapo. Tairi zilizopasuka zisikutishe. Kwa magari mashuhuri hupatikana mpya. Fungua sehemu ya betri ya rimoti: betri zilizosahauliwa ndani huvuja na kula shaba, na uharibifu huo haukarabatiki kirahisi. Zungusha gurudumu la nyuma kwa kidole na usikilize gia. Halafu angalia chini ya karatasi za sanduku. Mara nyingi hapo ndipo kilipo kitabu cha maelekezo, na ndani yake namba ya kila kipande.