Siku tuliyoswali kwa zamu juu ya genge la Sanje

Maporomoko ya Sanje, katika Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, hushuka kwa ngazi tatu, jumla ya mita 170. Juu yake hakuna ukuta wala kamba. Pana jiwe, maji yanayopita kwa utulivu, kisha genge.

Huko ndiko kamati ya msikiti wetu ilikowapeleka watoto 18 wa madrasa pamoja na wazazi saba, kutoka Morogoro mjini. Baadhi ya wazee walituuliza faida ya kutumia fedha kwa ajili ya kutembea porini. Tuliwajibu kwa Suratul-Ghashiya, ambamo Mwenyezi Mungu anawataka waja wazingatie namna mbingu ilivyoinuliwa na milima ilivyosimamishwa. Watoto wetu huiona Uluguru kila asubuhi, lakini wengi wao hawajapata kupanda mlima wowote. Wazee waliridhia, kwa sharti moja: kila mtoto arudi kwao kama alivyotoka.

Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1992 na ina ukubwa wa kilomita za mraba 1,990. Baada ya kujiandikisha Mang'ula tulipewa mwongozaji, kijana mpole mwenye maneno machache. Njia ilipanda ndani ya msitu, mizizi ya miti ikiwa ndiyo ngazi zetu, na mbega wekundu wakituchungulia kutoka matawini. Alitueleza pia habari za kima wa Sanje, ambaye wataalamu walimtambua mwaka 1979 ilhali wenyeji walikuwa na jina lake tangu zamani. Binti mmoja akauliza, "Sasa hapo nani alimgundua?" Tulicheka, wala hatukuwa na jibu.

Tulipofika juu, bonde la Kilombero lilikuwa limetandazwa chini yetu, mashamba ya miwa yakionekana kama mikeka ya kijani. Tulisema Subhanallah, kisha tukanyamaza. Mwongozaji akatuonyesha jiwe moja na kusema kwamba hakuna mtu anayelivuka.

Wakati wa adhuhuri ulikuwa umeingia. Tulikuwa tumemkabidhi kila mtu mzima watoto wake, na njia nzima tulihesabu kwa uangalifu. Lakini ulipofika wakati wa udhu, watu wazima wote tuliinamia maji kwa pamoja. Ni mama mmoja tu, aliyekuwa amemaliza kutawadha, ndiye aliyeinua kichwa na kuhesabu. Akapata 17.

Mvulana wa miaka kumi na mmoja alikuwa amelivuka lile jiwe. Alikuwa amesimama juu ya mwamba wenye unyevu, hatua chache kutoka mahali maji yanapotoweka, akinyoosha shingo ili aone chini. Mmoja wetu alifungua kinywa amwite kwa sauti, mwongozaji akamzuia kwa mkono. Mtoto anayeitwa kwa ghafla hugeuka kwa ghafla. Yeye mwenyewe alisogea taratibu, akachuchumaa na kusema, kama mtu aliyeko barazani, "Mdogo wangu, kaa chini kwanza. Usigeuke. Haya, sasa rudi nyuma ukiwa umekaa hivyo hivyo." Mtoto alikaa. Alirudi akijiburuta, kidogo kidogo, mpaka mkono ule ukamshika. Alhamdulillah.

Hakuna aliyemgombeza, kwa sababu kosa lilikuwa letu. Tulikuwa tumepanga ulinzi wa njiani, wa kula na wa kupumzika, lakini hatukupanga ulinzi wa wakati wa ibada, kana kwamba genge nalo lingesimama kungoja tumalize.

Ndipo tulipoikumbuka swala ya khofu, iliyotajwa katika Suratun-Nisaa, ambamo kundi moja huswali na jingine hulinda, kisha hubadilishana. Hatukuiswali swala hiyo, kwani sharti zake hazikuwapo. Tulichukua hekima yake. Tuliunda jamaa mbili. Wa kwanza walikusanya adhuhuri na alasiri kwa kufupisha, rakaa mbili mbili, huku wengine wakiwa wameupa mgongo ukingo na kuwatazama watoto. Kisha tukabadilishana. Tuliokuwa tukilinda hatukuhisi kwamba tuko nje ya ibada.

Usiku ule tulikwenda nyumbani kwa baba wa mtoto kabla hajasikia kwa mwingine. Tulimweleza yote bila kujitetea. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Safari ijayo nami nitakuja. Nitakuwa wa kuhesabu."

Familia inayokusudia kwenda Sanje na ianze asubuhi, ivae viatu visivyoteleza, ichukue maji ya kutosha na imtii mwongozaji. Mtoto asiyeweza kukaa mnapomwambia kaa, mwacheni kwanza akue. Na kabla ya kuondoka, ulizaneni swali ambalo sisi hatukuulizana: mtakapokuwa mnatawadha, nani atakuwa hatawadhi? Mtume wetu (SAW) alifundisha kumfunga ngamia kisha kumtegemea Allah. Sisi tulikuwa tumemfunga njia nzima, tukamfungulia mlangoni mwa swala.

Safari ya pili ipo, insha Allah. Wazee wameridhia tena, na orodha ya walinzi imeandikwa kabla ya orodha ya vyakula.