Umeamka saa tisa usiku? Soma riwaya, lakini si kitandani

NI saa tisa usiku. Mtaa mzima umelala na hata matatu ya kwanza haijapita. Wewe, hata hivyo, uko macho. Umegeukia ubavu huu, ukageukia ule, lakini wapi! Usingizi umepaa. Mwishowe unawasha taa, unachukua riwaya uliyoiacha kando ya mto na kuanza kusoma. Unaposhtuka, jogoo wanawika, umemaliza sura nne na kazini unatakiwa saa mbili asubuhi.

Je, kitabu hicho kimekusaidia au kimekudhuru? Jibu linategemea ulipokaa ukikisoma, taa uliyotumia na aina ya hadithi yenyewe.

Kwa nini saa hizo?

Usingizi haufanani tangu mwanzo hadi mwisho. Huja kwa mizunguko, kila mmoja ukichukua takriban dakika 90. Usingizi mzito hupatikana zaidi katika saa za kwanza za usiku. Kuelekea alfajiri usingizi huwa mwepesi na wenye ndoto nyingi. Wakati huo pia homoni iitwayo kotisoli huanza kupanda ili kuuandaa mwili kwa shughuli za mchana. Ndiyo maana kelele ndogo au haja ndogo inatosha kukuamsha.

Kwa hivyo, kuamka usiku peke yake si ugonjwa. Karibu kila mtu huamka, ila wengi hulala tena mara moja na asubuhi hawakumbuki. Shida huanza pale unapoamka na kuanza kupiga hesabu: karo ya watoto, kodi ya nyumba, maneno uliyoambiwa na mkubwa wako kazini. Kisha unatazama saa na kujiambia, "Zimebaki saa mbili tu!" Wasiwasi huo wa kukosa usingizi ndio unaofukuza hata ule uliokuwa umebaki.

Hapa ndipo riwaya inapofaa. Ni vigumu akili kufuata mikasa ya watu wa hadithini na papo hapo ikaendelea kupiga hesabu ya karo.

Ondoka kitandani

Mnamo 1972 mwanasaikolojia wa Marekani, Richard Bootzin, alieleza njia ya kutibu tatizo hili ambayo hutumiwa hadi leo. Kanuni yake ni nyepesi: kitanda ni cha kulala na cha mambo ya mke na mume, basi. Ukikaa macho kwa muda unaokadiria kuwa dakika 20 hivi (usiangalie saa), inuka uende pahali pengine. Fanya jambo la utulivu, na usirudi kitandani mpaka macho yawe mazito.

Sababu ni kwamba ubongo hujifunza kwa mazoea. Ukisoma, ukila na kuhangaika kitandani kila usiku, ubongo utazoea kwamba kitanda ni pahali pa kukesha.

Huenda ukauliza, "Mimi naishi chumba kimoja, nitaenda wapi?" Kiti kinatosha, na hata mkeka unatosha. Jifunike leso au blanketi, uwashe taa ndogo isiyowamulika walio kitandani. Ikiwezekana iwe taa yenye mwanga wa manjano hafifu, si ile nyeupe kali ya dari.

Karatasi au simu?

Siku hizi wengi husoma riwaya kwenye simu. Kwa saa hizi, kitabu cha karatasi ni bora. Katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2015 na wataalamu wa Boston, Marekani, watu 12 walisoma kwa saa nne kila jioni kabla ya kulala, wakitumia kifaa chenye kioo kinachotoa mwanga kwa siku kadhaa na kitabu cha karatasi kwa siku nyingine. Walipotumia kifaa, walichelewa kupata usingizi kwa karibu dakika 10 zaidi, na melatonini, homoni inayouambia mwili kuwa ni usiku, ilichelewa kupanda kwa zaidi ya saa moja. Watu hao walikuwa wachache, na wewe pengine husomi saa nne. Lakini simu ina hila nyingine: ujumbe mmoja tu ukiingia, hadithi unaisahau.

Riwaya gani?

Vitabu vya ujasusi, kama vile vya Elvis Musiba kuhusu Willy Gamba, vimetungwa kwa namna ambayo huwezi kuviweka chini. Viwekee siku ya mapumziko. Saa tisa usiku chukua kitabu ulichokwisha kukisoma na ambacho mwisho wake unaujua. Waliosoma "Siku Njema" ya Ken Walibora shuleni, kwa mfano, wanaweza kuirudia bila pupa.

Tena, usijiambie, "Nitamaliza sura hii kwanza." Mwisho wa sura ndipo waandishi hutega mitego yao. Macho yakianza kufumba, funga kitabu hata katikati ya aya.

Mchana wako

Hata ukilala vibaya, amka saa ile ile uliyozoea, Jumapili ikiwemo. Ukilala hadi adhuhuri, usiku unaofuata utakesha tena. Punguza chai na kahawa baada ya chakula cha mchana, kwani kafeini huchukua takriban saa tano ili nusu yake itoke mwilini. Pombe humlaza mtu haraka, lakini huukatakata usingizi wa nusu ya pili ya usiku. Nayo miraa ina kemikali za kuchangamsha, na mlaji asishangae akikodoa macho hadi kunakucha. Kama ulikesha, usiendeshe gari ukiwa unasinzia.

Wakati wa kumwona daktari

Usiku mmoja au miwili haina neno. Lakini ikiwa hulali vyema angalau siku tatu kwa wiki, na hali hii imedumu miezi mitatu, mwone daktari. Mwone mapema zaidi ikiwa unakoroma na kushtuka kana kwamba unakabwa koo. Usijinunulie tembe za usingizi. Mwaka wa 2016 chama cha madaktari wa maradhi ya ndani cha Marekani kilipendekeza kwamba kwa tatizo sugu la kukosa usingizi, tiba ya kurekebisha fikra na mazoea ya kulala itangulie dawa. Kanuni ya Bootzin ni sehemu ya tiba hiyo.

Kuna dalili moja usiyopaswa kuipuuza. Kuamka alfajiri kila siku, huku moyo ukiwa mzito, chakula hakina ladha na mambo uliyoyapenda hayakufurahishi tena, huweza kuwa ishara ya sonona, yaani ugonjwa wa huzuni isiyokwisha. Ugonjwa huu hutibika, lakini hautibiwi na riwaya. Na ikiwa saa hizo unajiwa na fikra za kujiua, weka kitabu chini. Usingoje kupambazuke. Mwamshe mtu wa nyumbani au umpigie simu unayemwamini, na mwende hospitalini pamoja.