Malaria Hufungulia Maradhi Mengine Mlango

Katika nyanda za juu za Kisii na Nyamira, malaria haikai mwaka mzima kwa kiwango kile kile kama kandokando ya Ziwa Viktoria. Aghalabu huzuka baada ya mvua za masika na kuwakuta watu ambao miili yao haijaizoea. Miaka ya 1990 ilishuhudia milipuko kadhaa ya aina hiyo. Hata hivyo, naamini hasara yake tumeihesabu nusu.

Ndani ya damu mna askari waitwao nyutrofili, chembe nyeupe zizalishwazo katika uboho wa mifupa. Bakteria au kuvu anapoingia mwilini, chembe zilizo zamuni hutoa kemikali za kuomba msaada. Nyutrofili huzifuata hadi alipo adui, wakammeza na kummwagia sumu itokanayo na oksijeni. Pasipo ishara hizo, askari hawajui pa kwenda. Pasipo sumu, humeza adui asife.

Malaria huvuruga mpango huo. Vimelea vyake hupasua chembe nyekundu, na mabaki yake hudhuru mwili. Katika kujihami, mwili hutoa kimeng'enya cha kuyavunja. Utafiti wa panya uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba kimeng'enya hicho hicho huwafanya nyutrofili wapya watoke ubohoni bila makali. Bakteria wa salmonela humezwa, kisha huishi salama ndani ya askari yule yule.

Ushahidi wa binadamu tunao hapa Kenya. Utafiti wa Kilifi uliochapishwa mwaka 2011 ulieleza kwamba malaria ilipopungua kati ya 1999 na 2007, maambukizi ya bakteria katika damu ya watoto nayo yalipungua. Mwaka 1999, zaidi ya nusu ya maambukizi hayo yalitokana na malaria.

Kwa hivyo, mtoto wa Keroka au Kebirigo akipatikana na malaria, uchunguzi usikomee hapo, hasa homa isipotulia. Simaanishi kila mtoto amezeshwe viuavijasumu ovyo, kwani hilo huwapa bakteria usugu. Nasema serikali za kaunti hizi mbili ziziwezeshe maabara za hospitali kuotesha bakteria kutoka katika damu, na bajeti ya vyandarua na dawa ya kunyunyizia kuta isipunguzwe eti kwa kuwa wagonjwa wa malaria ni wachache mwaka huu. Shilingi hiyo huzuia maradhi mawili. Usipoziba ufa utajenga ukuta.