Mipira 43 ya Oscar haikutosha: mwisho wa juma la basketi ya vyuo vikuu, tulivyouona tukiwa Goma

Goma – Usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi tarehe 18 mwezi wa tatu 2023, saa saba na dakika kumi, umeme ulikuwa umekatika katika mtaa wetu. Tulikuwa watu wanne mbele ya simu moja iliyoegemezwa kwenye termos ya chai: mimi, jirani yangu muuza vitenge, mtoto wake anayesoma sekondari, na motari mmoja aliyepita kusalimia akaamua kubaki. Mega tulikuwa tumezinunua kwa kuchangiana. Huko Greensboro, jimbo la North Carolina nchini Marekani, ilikuwa saa moja jioni tu, na kijana aliyezaliwa Lubumbashi alikuwa anaingia kiwanjani akiwa amevaa jezi ya chuo kikuu cha Kentucky.

Oscar Tshiebwe alikuwa na miaka 23 na urefu wa mita 2,06. Wengi hapa Goma wanamjua zaidi Jonathan Kuminga, kwa sababu alizaliwa katika mji huu na mwaka 2022 alichukua ubingwa wa NBA pamoja na Golden State. Lakini Kuminga hakupitia chuo kikuu. Mwenye kutaka kumuona Mkongomani katika basketi ya wanachuo, kwa miaka miwili hiyo alimfuata Oscar. Mwaka 2022 alitajwa mchezaji bora wa mwaka wa vyuo vyote vya Marekani. Wengi wanaopata sifa hiyo hukimbilia NBA mara moja. Yeye alirudi shuleni, na hakuna mchezaji bora wa mwaka aliyekuwa amefanya hivyo tangu Tyler Hansbrough wa North Carolina mwaka 2008.

Alirudi akiwa na deni. Mwezi wa tatu 2022, katika mechi yake ya kwanza ya mashindano haya, alitia pointi 30 na kukamata rebondi 16, lakini Kentucky wakapigwa 85 kwa 79 katika dakika za nyongeza na Saint Peter's, chuo kidogo cha Jersey City ambacho hapa kwetu hakuna aliyekuwa amekisikia. Jirani yangu anasema siku ile hakula. Mimi nilikula, lakini sikulala.

Kwa msomaji asiyefuata mambo haya, kanuni ni rahisi na ni kali. Kila mwaka vyuo 68 vinaingia katika mashindano. Wanagawanywa katika kanda nne, na katika kila kanda ekipe zinapangwa kwa nafasi, kuanzia ya 1, yaani yenye nguvu zaidi, hadi ya 16. Hakuna mechi ya kurudiana. Ukipigwa mara moja, unafunga mizigo. Ndiyo sababu siku nne za kwanza zinafanya Wamarekani waache kazi, na sisi tuache usingizi.

Ijumaa: mikono ya Oscar

Kentucky walikuwa nafasi ya 6, Providence nafasi ya 11. Haikuwa mechi nzuri ya kutazama. Mitupo ilikuwa inagonga chuma na kurudi pande zote mbili, na simu yetu ilikuwa inakwama kila baada ya dakika mbili. Lakini kila picha iliporudi, tulikuta mpira uko katika mikono ileile.

Rebondi ni kazi ambayo watoto wetu kiwanjani hawaipendi. Kila mmoja anataka kutupa kutoka mbali apigiwe makofi. Mwenye kukamata rebondi anasukumana chini ya kikapu, anapigwa viwiko, anangoja mwenzake akose ndipo kazi yake ianze. Ijumaa ile Oscar alitia pointi 8 tu. Rebondi alikamata 25. Katika mashindano haya hakuna mchezaji aliyekuwa amefikisha idadi hiyo katika mechi moja tangu mwaka 1977. Mwenzake Antonio Reeves alitia pointi 22, Kentucky wakashinda 61 kwa 53. Ulikuwa ushindi wao wa kwanza katika mashindano haya tangu mwaka 2019.

Motari, ambaye alikuwa hajawahi kuangalia mechi nzima ya basketi, aliuliza swali moja tu: "Ule mutoto anachoka wakati gani?"

Muda uleule, mtoto wa jirani alikuwa anafuata matokeo ya mechi nyingine kwenye simu yake ndogo, na ghafla akapiga kelele mpaka mbwa wa mtaa wakaamka. Huko Columbus, jimbo la Ohio, Fairleigh Dickinson, ekipe ya nafasi ya 16, ilikuwa imewapiga Purdue wa nafasi ya 1 kwa 63 dhidi ya 58. Kwa wanaume, jambo hilo lilikuwa limetokea mara moja tu, mwaka 2018, UMBC walipowapiga Virginia. Purdue walikuwa na Zach Edey, Mkanada wa mita 2,24, na Edey alifanya kazi yake: pointi 21, rebondi 15. Fairleigh Dickinson, ambao katika wachezaji wao wote hakukuwa na mrefu wa kutisha, walikuwa wameshinda mechi 4 tu msimu uliopita, kabla ya kupata kocha mpya, Tobin Anderson. Walimzunguka yule mrefu wawili wawili, wakawaachia wenzake watupe kutoka mbali. Wenzake wakakosa.

Tulilala saa kumi.

Jumamosi: salongo na swali gumu

Asubuhi ilikuwa salongo. Tukiwa tunazoa takataka mbele ya nyumba, macho mekundu, habari ya Oscar ilikuwa imeshatangulia. Mzee mmoja wa avenyu yetu alisimama na jembe lake akatuuliza bila hasira: "Wakimbizi wanajaa huku kila siku kutoka Masisi na Rutshuru, na nyinyi munakesha kwa ajili ya mupira wa Wamarekani?"

Sikuwa na jibu zuri wakati ule, na sijui kama ninalo sasa. Kazi yangu ya juma zima ni kuandika juu ya wakimbizi hao. Jumatatu hadi Ijumaa ninahesabu mahema, ninaandika majina ya vijiji vilivyoachwa. Ijumaa usiku ninataka kuhesabu kitu kingine. Rebondi 25 ni hesabu ambayo haimlizi mtu. Nilimwambia mzee hivyo. Akatikisa kichwa, lakini baadaye nikamsikia anamuuliza jirani yangu kama kijana huyo ni wa Lubumbashi kweli, na mechi inayofuata ni saa ngapi.

Usiku huo tuliona Kansas, waliokuwa mabingwa wa mwaka 2022, wakitolewa na Arkansas kwa pointi moja: 72 kwa 71. Kocha wa Arkansas, Eric Musselman, alivua shati lake mbele ya mashabiki kwa furaha. Baadaye Princeton, chuo kinachojulikana zaidi kwa vitabu kuliko kwa kikapu, kiliwapiga Missouri 78 kwa 63. Kwa hiyo kufikia Jumapili asubuhi, ekipe mbili za nafasi ya 1 zilikuwa zimekwisha kwenda nyumbani. Sisi tulijiambia: njia ya Kentucky inafunguka. Shabiki ni mtu wa kujidanganya.

Kiswahili cha Lexington

Jumapili baada ya misa, ndugu yangu mdogo alinipigia kwa WhatsApp. Anaishi Lexington, mji wenye chuo kikuu cha Kentucky. Alifika huko kama wakimbizi wengi wa Kongo walivyofika, baada ya miaka mingi ya kambi, na sasa anafanya kazi ya kupakia mizigo katika depo. Mji huo umepokea Wakongomani wengi, na Kiswahili kinasikika madukani, makanisani na mashuleni.

Hajawahi kuingia Rupp Arena, uwanja ambamo Oscar alikamata rebondi 28 katika mechi moja mwezi wa kumi na mbili 2021. Bei ya tiketi si ya mtu wa depo. Lakini aliniambia jambo ambalo sikulijua: "Yaya, pale kazini walikuwa wananiuliza natoka wapi. Nikisema Kongo, wananyamaza. Sasa nikisema Kongo, wanasema: aah, kwa Oscar!"

Oscar naye alifika Marekani akiwa bado mvulana. Alisoma sekondari katika majimbo ya Virginia na Pennsylvania, akaanzia chuo kikuu cha West Virginia, kisha akahamia Kentucky mwaka 2021. Kabla yake njia hiyo ilipitiwa na Dikembe Mutombo, aliyekwenda Georgetown mwaka 1987 akitaka kuwa daktari, akawa mchezaji, na baadaye akajenga hospitali Kinshasa yenye jina la mama yake.

Kuna jambo moja ambalo vijana wetu wanaoota njia hiyo wanapaswa kulijua. Tangu mwezi wa saba 2021, wanachuo wanamichezo wa Marekani wanaruhusiwa kupata pesa kwa jina na picha zao. Lakini anayesoma kwa viza ya mwanafunzi hana ruhusa ya kufanya kazi hiyo ndani ya nchi. Kwa hiyo mchezaji bora wa vyuo vyote aliona wenzake wanasaini mikataba huku yeye akibanwa na karatasi. Kentucky walipokwenda kucheza Bahamas mwezi wa nane 2022, alitumia siku hizo, akiwa nje ya Marekani, kufanya kazi na makampuni. Ndugu yangu alicheka niliposoma habari hiyo kwa simu. Mambo ya karatasi anayajua vizuri.

Jumapili: mfupi wa Harlem

Saa mbili na dakika arobaini usiku, umeme ulikuwepo. Tulikuwa watu kumi na moja mbele ya televisheni ya jirani, na mzee wa salongo alikuwa amekaa kiti cha mbele.

Wapinzani walikuwa Kansas State, nafasi ya 3. Katika ekipe yao kulikuwa na Keyontae Johnson, ambaye mwezi wa kumi na mbili 2020, akichezea chuo cha Florida, alianguka kiwanjani akazimia, akakaa karibu miaka miwili bila kucheza. Na kulikuwa na Markquis Nowell wa Harlem, New York, mwenye mita 1,73. Mtoto wa jirani yangu anamzidi.

Oscar alicheza mechi ambayo angestahili kushinda. Pointi 25, rebondi 18. Ukijumlisha na za Ijumaa, ni rebondi 43 katika mechi mbili. Kijana mwenzake, Cason Wallace, alitia pointi 21. Lakini Reeves, aliyewaokoa Ijumaa, alitupa mara 15 akatia mara moja. Kila alipokosa, Oscar aliruka tena. Kuna wakati mzee alisema: "Huyu anafanya kazi ya watu watatu, lakini wenzake wanamurudishia kazi."

Nowell alikuwa anapita katikati ya watu warefu kama mtoto anayekimbia sokoni katikati ya miguu ya wakubwa. Alitia pointi 27, akawagawia wenzake pasi 9 zilizozaa vikapu. Kansas State, waliokosa karibu kila mtupo wa mbali kwa sehemu kubwa ya mechi, walianza kuutia mwishoni, wakati ambapo hakuna nafasi ya kurekebisha. Ikaisha 75 kwa 69.

Hakuna aliyezima televisheni. Tuliwatazama wakisalimiana. Jirani yangu alisema kwamba kosa ni la kocha John Calipari, na mabishano ya kocha yakatusaidia kutoka pale bila kusikitika sana. Kabla ya mapambazuko, Fairleigh Dickinson nao walitolewa na Florida Atlantic, 78 kwa 70.

Wakati ule Oscar alikuwa bado hajasema kama atabaki chuoni au ataondoka. Sheria ilikuwa bado inamruhusu mwaka mmoja zaidi. Ndugu yangu wa Lexington alitaka abaki. Mimi nilidhani ametosha: miaka miwili aliokota yote yaliyoanguka, na hakuna aliyeweza kumdai zaidi.

Jumatatu jioni nilipita kwenye kiwanja cha mtaa, kile chenye kikapu kimoja kisicho na wavu. Watoto walikuwa wanagawana majina kabla ya kuanza, kama kawaida. Wawili walikuwa wanagombania jina la Nowell. La Oscar lilichukuliwa na msichana mmoja, mrefu kuliko wote, ambaye hakuomba ruhusa ya mtu. Alikwenda moja kwa moja kusimama chini ya kikapu.

Usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa, Kansas State walikuwa wamepangiwa kucheza na Michigan State huko New York, mji wa nyumbani kwa Nowell. Mzee wa salongo alikuwa ameshauliza kama televisheni itakuwepo. Tulikubaliana kuchangia mafuta ya jenereta, kwa sababu umeme hauna ahadi.